Nukta Kumi na Tisa

Mwalimu wa ushauri alipoingia chumba cha walimu na orodha ndefu kama mkeka, mimi nilikuwa wa kwanza kucheka. Ilikuwa na majina ya wanafunzi wote, mia nne na kitu, ameyachapa mwenyewe na kuyabandika ukutani kuanzia mlangoni mpaka kwenye kabati la vikombe. Akatugawia kalamu nene nyekundu. Alitaka kila mtu mzima anayefanya kazi pale shuleni, awe mwalimu, mpishi, mlinzi au mimi wa chumba cha vitabu, apite polepole na kutia nukta mbele ya jina la kila mtoto anayemjua vizuri.

"Sisemi kumjua jina," alituambia. "Nasema kumjua. Mtoto ambaye akiamka na shida nyumbani, wewe ndiye atakayekuja kukwambia."

Alikuwa binti mdogo, bado ana harufu ya chuo, na mimi kwa kazi za kubandika karatasi ukutani sina imani. Nimeziona nyingi. Huja na kalamu, huondoka na kalamu. Lakini nikapanga foleni na wenzangu, nikatia nukta zangu nne tano. Mwalimu wa michezo alitia kwa kila mtoto anayejua kupiga mpira. Mwalimu wa hesabu alimtilia binti yake wa kumzaa, tukamcheka mpaka akaona haya akatoka nje.

Kicheko kilikatika tuliposimama nyuma kutazama ukuta mzima. Watoto arobaini na mmoja hawakuwa na nukta hata moja. Wanakuja kila siku, wanaitwa kwenye daftari la mahudhurio, wanajibu "nipo", na katika watu wazima wote wa pale hakuna anayeweza kusema huyu namjua. Mpishi alijifuta macho kwa aproni. Mwalimu wa ushauri akasema hao ndio aliokuwa akiwatafuta. Kila mmoja wao atapewa mlezi hapo hapo shuleni, na kila Jumatano baada ya kipindi cha mwisho watakaa pamoja nusu saa. Wale wenye nukta moja tu nao watapewa. Wenye nyingi, alisema, hao tayari wana watu wao.

Aliyekuwa na nyingi kuliko wote alikuwa Chaki. Nukta kumi na tisa. Mwalimu wa michezo akapiga mluzi. "Huyu mtoto angegombea ukuu wa shule angetushinda," alisema, na mkuu wa shule mwenyewe akacheka.

Chaki ni jina tulilompa sisi. Alikuwa msichana wa mwaka wa mwisho, mwembamba, msafi, na ndiye aliyegawa chaki kila asubuhi, darasa kwa darasa, na sanduku lake la bati kifuani. Kwa hiyo kila mwalimu alimwona kila siku ya Mungu, kila mwalimu alisalimiwa naye kwa adabu, na kila mwalimu alitia nukta. Nukta moja kati ya zile kumi na tisa ilikuwa yangu. Niliikandamiza kwa nguvu kuliko zote, maana mimi nilijiona nina haki naye zaidi ya wengine.

Niseme kwa nini. Kazi yangu ni kutengeneza vitabu. Shule yetu haipati vipya, kwa hiyo vya zamani lazima viishi, na mimi ndiye daktari wao. Gundi napika mwenyewe, unga na maji kwenye sufuria iliyokatika mkono. Nashona kurasa zilizochomoka, navisha mgongo kitambaa, kisha navibana kati ya mbao mbili na matofali juu hadi kesho yake. Wanafunzi wananiita Bibi Gundi. Mwaka ule goti langu lilikuwa limenigomea, siwezi kupanda ngazi kufikia rafu za juu, na Chaki akaanza kubaki mchana kunisaidia. Hakuombwa na mtu. Alikuja siku moja kurudisha kitabu, akaona nahangaika, akavua sweta na kupanda.

Tangu hapo tulikuwa wawili. Nilimfundisha kushona mgongo wa kitabu, na baada ya wiki tatu mshono wake ulikuwa umenyooka kuliko wangu. Nilimfundisha pia kujaza kikaratasi. Kila kitabu kinachotoka mikononi mwetu hubandikwa kikaratasi ndani ya jalada la nyuma: tarehe, kilichoharibika, kilichofanyika, aliyetengeneza, na chini kabisa aliyekagua, ambaye ni mimi. Siku za mwanzo alikuwa akija na kila kitabu mkononi kunieleza: bibi hiki kimefanya hivi, hiki kimefanya vile. Nikamwambia, "Mjukuu wangu, la kuharibika usiniambie kwa mdomo. Niandikie kwenye kikaratasi, mimi nitasoma. Humu ndani kinachofanya kazi ni mdomo wangu, masikio yalishastaafu." Alicheka sana. Kwa kweli alicheka, na mimi nikajiona mcheshi.

Na mdomo ulifanya kazi kweli. Nilimsimulia kila kitu yule mtoto. Alijua goti langu lilianza lini na dawa gani halisikii. Alijua marehemu mume wangu alivyokuwa akinificha viatu ili nisiende kwa dada yangu. Alijua binti yangu ameolewa mbali na hapigi simu, na chumba chake cha nyuma kimebaki na kitanda kimetandikwa, kinafuga vumbi. "Ningepata mtu wa kukaa mle," nilikuwa nikimwambia, "hata wa kunichangamsha roho tu." Yeye anashona, anaitikia, kimya kama maji ya mtungi. Nikimwuliza nyumbani hawajambo, anajibu hawajambo, na mimi naendelea pale nilipoishia.

Basi, katika ugawaji ule wa walezi mimi nikapewa Mapengo, msichana wa mwaka wa pili, meno mawili ya mbele hana, mdomo haufungi. Hakuwa na nukta hata moja kwa sababu ya utundu. Kila mwalimu alikuwa anamkimbia. Mwalimu wa ushauri akanipa kadi yenye maswali manne. Umekula leo? Umelalaje? Nyumbani kukoje? Kuna jambo linakusumbua? Akanisihi niulize yote manne, nisiruke, na nikishauliza ninyamaze.

Nilifanya kama nilivyoambiwa, maana kazi nikipewa sifanyi nusunusu. Kila Jumatano Mapengo alikaa kwenye kiti cha mguu mfupi, nami navaa miwani na kusoma kadi. Nyumbani kukoje? Naye ananimwagia yote: mama mdogo kamgombeza, kuku kapotea, kaka kala chakula chake. Nilinyamaza nikamsikiliza mpaka mwisho, na nilijisifu moyoni kwamba kumbe naweza. Hatua tatu kutoka pale tulipokaa, mezani kwetu, Chaki alikuwa akipaka gundi. Kila Jumatano aliyasikia maswali manne yakiulizwa mtoto mwingine.

Siku moja ya Jumatatu, miezi minne kabla ya mtihani wa mwisho, alikuja macho mekundu. Nikamtania. "Mwenzangu, macho hayo! Ulikesha harusi ya nani bila kunialika?"

Alitabasamu. "Vumbi, bibi."

"Basi yaoshe, uje ushike uzi."

Akaenda kuyaosha, akarudi akashika uzi. Siku ile alitengeneza vitabu vitatu.

Wiki tatu baadaye, Jumatatu nyingine, chaki haikufika madarasani. Hivyo ndivyo tulivyojua. Nasema ukweli ulivyo: hakuna aliyeuliza mtoto yuko wapi, tuliuliza chaki iko wapi. Walimu walikuwa wanatoka kwenye madarasa wakipiga kelele ukumbini, mwalimu wa historia anasema nidhamu imeshuka, mpaka mlinzi akalikuta sanduku la bati limewekwa mlangoni pa ofisi, limepanguswa, chaki zimepangwa kwa rangi. Jumanne hakuja. Jumatano mwalimu wa ushauri akanijia. "Bibi, wewe ndiye wa karibu naye. Nyumbani kwao ni wapi?"

Nikafungua mdomo kumjibu. Miezi minane nakaa na mtoto meza moja na sikujua hata anatokea upande gani wa barabara.

Anwani tuliipata kwenye faili. Ulikuwa mstari wa vyumba vya kupanga nyuma ya soko la mbao, mlango wa tano, na tuliukuta na kufuli jipya. Mbele yake, kibarazani, mama mmoja fundi cherehani alikuwa akishona sare. Alitutazama viatu kwanza, kisha nyuso.

"Nyie ndio wa shule?" alisema. "Mmechelewa, ndugu zangu."

Akasimamisha cherehani na kutueleza. Mama wa yule mtoto alilala kitandani miezi saba. Baba hakuwapo tangu zamani. Mtoto ndiye aliyekuwa akimgeuza, akimfulia, akimlisha uji alfajiri kisha anakimbilia shule, na jioni anaanza tena. Mama alifariki, wakamzika Jumamosi, watu wachache. Jumatatu mtoto alivaa sare akaenda shule. Wiki tatu alikaa mle chumbani peke yake, kisha mjomba akaja na gari la mizigo akamchukua.

"Na nyinyi majirani mlinyamaza?" nikamuuliza. Nilikuwa na hasira na nilitafuta pa kuitua.

Hakukasirika. "Tulijua shule mnajua, bibi. Kila nikimuuliza, mtoto ananiambia yuko bibi mmoja shuleni, anashinda naye kila siku. Nikasema Mungu mkubwa, ana mtu."

Mwalimu wa ushauri alilia njia nzima kurudi. Mimi sikulia. Nilikuwa nahesabu siku, na hesabu ikanirudisha kwenye Jumatatu ile ya macho mekundu na harusi niliyomtania.

Fundi cherehani alitupa namba ya simu na anwani ya mjomba. Mkuu wa shule akapiga kesho yake, sote tumemzunguka ofisini. Mjomba alikuwa na sauti ya mtu mwenye haraka. Mtoto hajambo, anamsaidia mkewe kulea mapacha, masomo ataendelea mwakani Mungu akipenda. Mkuu alipomwambia mtihani umebaki miezi mitatu, akasema angemwacha amalize kama angepata mtu mzima wa kukaa naye, lakini mtoto alisema hakuna. Sasa ameshafika, hawezi kumrudisha safari yote hiyo. Nikamnyang'anya mkuu wa shule simu, nikasema naomba niongee na mjukuu wangu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mama. Hujambo?"

"Sijambo. Goti linaendeleaje?"

Nilitaka kusema mambo mengi. "Kwa nini hukuniambia?" Hilo tu ndilo lililotoka.

Nyuma yake mtoto mchanga alikuwa analia, kisha wa pili akaanza. "Hamna neno, bibi," alisema. "Nilielewa." Na simu ikakatika.

Alielewa nini? Swali hilo nililala nalo na kuamka nalo. Niliendelea na kazi, napika gundi, nashona, lakini chumba kilikuwa kikubwa mno. Wiki mbili baadaye madarasa yakaanza kurudisha vitabu ili tuhesabu kabla ya mtihani, nami nikaanza kuvipanga. Katikati ya vitabu vya jiografia nikakutana na kimoja cha mshono ulionyooka. Nilijua mkono wa nani. Nikafungua jalada la nyuma ili tu nione mwandiko wake.

Lazima niseme jambo hapa. Vikaratasi vya watoto wengine waliowahi kunisaidia nilikuwa nasoma kila neno, maana walikuwa wanavuruga. Vya Chaki sikusoma. Kazi yake haikuwa na kasoro, na kutomsoma niliona ni kumheshimu. Kila Ijumaa nilikuwa napanga vitabu vyake mbele yangu, nafungua mwisho, nasaini chini, naandika neno moja, "Safi", kisha navuta kitabu kingine. Huku naongea.

Kwenye kilichoharibika aliandika: Mgongo umeachia. Na chini yake, kwa herufi ndogo zilizonyooka: Mama hali kitu tangu juzi. Kisha kilichofanyika, mshono mpya. Kisha jina lake. Kisha saini yangu, na neno langu.

Nilidhani macho yananidanganya, nikapangusa miwani. Kisha nikaanza kuchomoa vitabu vyote vya mshono ule, naviangusha chini, nafungua mwisho wake tu. Vingi vilikuwa vya kawaida. Kwenye kitabu cha hesabu, tarehe ya Jumatatu ile, alikuwa ameandika: Kurasa za arobaini hadi arobaini na nne zimechanika. Mama tumemzika Jumamosi. Safi, nikaandika mimi. Saini yangu imekaa pale, na mkia wake mrefu ninaojivunia.

Nilimwambia aniandikie, akaniandikia. Nilimwambia nitasoma.

Nilikuwa bado nimekaa sakafuni, goti limenyooka mbele yangu, Mapengo alipoingia. Ilikuwa Jumatano, nilikuwa nimesahau. Alisimama mlangoni na kitabu cha fasihi amekikumbatia.

"Bibi, umeanguka?"

"Sijaanguka. Lete hicho."

Akanipa. Mgongo ulikuwa wa kitambaa cha bluu, na kitambaa cha bluu tulikitumia wiki ile ya mwisho tu, cheusi kilipotuishia. Nikakishika muda bila kukifungua.

Nikafungua. Tarehe ilikuwa ya Jumatano, siku tatu kabla gari la mizigo halijaja. Jalada limetoka, aliandika. Mjomba anakuja Jumamosi. Amesema nikipata mtu mzima wa kukaa naye ataniacha nimalize mtihani. Bibi, naomba kile chumba cha nyuma. Nitakuwa nafagia na kupika. Kama haiwezekani usiseme kitu, nitaelewa.

Chini yake, Safi. Na saini.

Na kweli sikusema kitu. Ijumaa ile nilisaini, nikamfungia mkoba, nikamsimulia habari za dawa mpya ya goti. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema kwaheri bibi, akatoka. Nakumbuka aligeuka mlangoni. Nilidhani amesahau sweta.

Nilitoa simu nikapiga ile namba. Haipatikani. Nikapiga tena. Nimeendelea kuipiga tangu siku hiyo, asubuhi na jioni, na sauti ni ile ile ya yule mwanamke wa mitambo. Mwalimu wa ushauri ameandika barua mbili kwa anwani aliyotupa fundi cherehani. Mtihani ulifanyika, dawati lake likawekwa pamoja na mengine kwa sababu jina lilikuwa kwenye orodha, na hakuna aliyelikalia. Kitanda cha chumba cha nyuma nilikitandika upya kwa shuka safi, sijui kwa ajili ya nani.

Lakini siku ile, pale sakafuni, nilimgeukia Mapengo. Nilitaka mtu wa kumgombeza, Mungu anisamehe, na aliyekuwa karibu ni yeye.

"Wewe kitabu hiki umekaa nacho wiki ngapi? Huku nyuma hukupasoma?"

"Nilisoma, bibi."

"Ulisoma! Na hukumwambia mtu? Kila Jumatano unakaa hapa, unanieleza habari za kuku, na hili umelificha?"

Akaja akainama karibu yangu, akaweka kidole chake kidogo, chenye wino kuchani, juu ya jina langu.

"Sikuficha," alisema. "Niliona umesaini. Nikajua unajua."